Mtu wa Mfano Hamenyi Viazi

Zilikuwa zimebaki siku mbili wajumbe wa Kiingereza waje kumchukua Mtu, na Mwajabu Hoza hakuwa na hofu hata chembe. Hilo likumbukwe, maana kabla ya saa nne ya asubuhi hiyohiyo ya Jumanne hofu ilikuwa imeshampanda hadi kooni.

Alifika ofisini Mlalo kama siku zote, sweta mbili na kilemba, ukungu umelala mpaka kwenye ngazi. Akafungua chumba cha kioo. Ndani alikaa Mtu, umbo la mwanga wa rangi ya majivu, si mrefu si mfupi, hana ndevu wala hereni, hajavaa kanzu wala kanga. Mwajabu hajafungua hata kinywa, Mtu akasema, "Marahaba."

"Shikamoo," akajibu Mwajabu, kama alivyojibu kila asubuhi kwa miaka kumi.

Sasa hapo pana jambo, lakini hakuna aliyeliona. Mwajabu alikuwa na miaka arobaini na minne. Mtu alikuwa na kumi, na aliyemtengeneza ni Mwajabu mwenyewe. Ofisi nzima iliona hiyo marahaba ya mapema ni adabu ya milimani, wakaipenda, wakacheka, wakaendelea na chai yao.

Kazi ya Mtu ilikuwa moja tu, kuwa mtu yeyote. Miaka hiyo vyombo vyote vilikuwa vinatenda vile vilivyoandikiwa. Lifti huitumii fundi, unaiandikia barua: mtu akifika mlangoni, mfungulie, mngoje aingie. Lifti nayo inataka kujua, mtu ni kitu gani? Ana upana gani? Anatembea kwa kasi gani? Ukimwambia subiri, atasubiri mpaka lini? Basi inamuuliza Mtu, na Mtu anajibu kwa nusu sekunde. Asubuhi hiyo alikuwa ameshaulizwa na kivuko cha Pangani, na kiti kimoja cha kinyozi, na bomba la maji la shule.

Wenzetu wa Kiingereza ndio walioteseka. Lugha yao, ukimtaja mtu mara ya pili, inakubana useme kama ni mume au mke. Zamani waandishi wao walimwandika kila mtu kwa neno la kiume, wakadai wanawake wamo humohumo ndani, wasogeleane tu. Watu waligombana juu ya hilo karne mbili, na ugomvi ulikuwa wa kwenye karatasi, hauui mtu. Lakini vyombo vilipoanza kutii maandishi, milango ikajengwa kwa kimo cha wanaume, na mikanda ya magari ikawakaba wanawake shingo. Wakaamua ukurasa mmoja uwe wa kiume na unaofuata wa kike. Hospitali moja mgonjwa akalazwa mwanamume ukurasa wa tisa, akaamka mwanamke ukurasa wa kumi, na mashine ikataka kumpasua ili itafute kilichopotea. Wakajaribu neno la wengi, ambalo halibagui. Kila mgonjwa akaletewa vitanda viwili.

Ndipo wakasikia kuna lugha upande huu ambayo yeye ni yeye, basi. Wakaandika barua ya heshima wakiomba kumwazima Mtu wetu awe mtu wa mfano katika maandishi yao yote, kuanzia barua za lifti hadi za magari ya wagonjwa.

Mkurugenzi Shekigenda aliisoma barua ile mbele ya wafanyakazi mara tatu. Alikuwa mzee mnene mwenye sauti ya mkutanoni, na kweli maisha yake yote yalikuwa mikutano. Alisema wenzetu wametoana macho miaka mia mbili kwa ajili ya kineno kimoja, na sisi hata hatukujua kwamba kuna ugomvi. Tangu siku hiyo alitembea kifua mbele kana kwamba Kiswahili alikitunga yeye.

Saa tatu na nusu mama yake Mwajabu aliingia na gunia la viazi.

Bi Sikudhani alikuwa mpishi mkuu wa mikutano ya Mlalo kwa miaka arobaini na mitatu, na karamu ya Alhamisi ilikuwa yake. Alikuja kupima jiko la ofisi. Jiko lilikuwa na baridi, chumba cha kioo kina joto la mitambo, basi akakokota gunia lake mpaka humo, akavuta kigoda, akatoa kisu. Mwajabu alikuwa chumba cha pili akipitia orodha ya maswali ya wajumbe, mlango wazi.

"Marahaba," akasema Mtu.

Bi Sikudhani akaangalia nyuma yake. Hakuna mtu. "Mimi sijakuamkia," akasema.

Mtu akangoja.

"Una miaka mingapi wewe?"

"Kumi."

"Basi hiyo marahaba uliyonitupia iokote." Akaanza kumenya. Bi Sikudhani hakuwa mtu wa kukaa na mwenzake kimya, hata mwenzake akiwa mwanga. Akamuuliza, mtu akimkuta mtu mzima anamenya viazi peke yake, anafanyaje? Mtu akajibu kwamba huketi. Anaketi anangoja nini? Chakula, akasema Mtu, kwa kuwa chakula huandaliwa.

"Na nani?"

Hapo Mwajabu aliinua kichwa. Nusu sekunde ilipita, ikapita nyingine, zikapita sekunde nne nzima.

"Huandaliwa," akasema Mtu.

Bi Sikudhani akaweka kisu chini. Alikuwa anaanza kufurahi. Akamuuliza, haya, mtu akishikwa na uchungu wa uzazi njiani, gari likitokea, anasaidiwaje?

Safari hii Mtu hakukawia. "Mtu hazai," akasema. "Mke wa mtu ndiye huzaa."

Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Aliita, "Mwajabu! Miaka kumi unaniambia huwezi kuja Jumapili kwa kuwa unalea mtoto. Kumbe unalea mwenyekiti."

Mwajabu hakucheka. Alifikiria gari la wagonjwa huko ng'ambo, limeandikiwa kwa Kiingereza kizuri kisicho na ubaguzi: ukimkuta mtu ana maumivu, mpakie. Linamkuta mama amekaa kando ya barabara, mimba imefika. Linauliza. Linajibiwa kwamba huyo si mtu, ni mke wa mtu, na maumivu hayo mtu hana. Linaondoka.

Alikaa kwenye mtambo akatafuta kosa lilikoingia, na hakutafuta sana, kwa maana mkosaji alikuwa yeye. Miaka kumi iliyopita, alipotakiwa kumkuza Mtu kwa maneno ya wenyeji, alitaka Kiswahili safi. Kilichokuwa safi kuliko vyote ni mihtasari ya vikao. Mlalo wanaandika muhtasari wa kila kitu: kikao cha kijiji, cha ushirika wa mboga, cha harusi, cha mazishi, hata cha kuamua kikao kijacho. Alimlisha Mtu mihtasari elfu kumi na moja na mia nne. Sauti za jikoni alikuwa nazo pia, saa na saa za wanawake wakipika na kusemana. Hizo alizifuta kwa Mtu, akazitupa ghalani mwa mtambo. Aliandika sababu kwa mkono wake mwenyewe, na bado ilikuwapo: kelele.

Na kila muhtasari ulifungwa vilevile kama desturi ya Mlalo inavyotaka. Kikao kilifungwa saa nane, chakula kiliandaliwa, wajumbe walitawanyika. Chakula kilikuwa kimeliwa mara elfu kumi na moja na hakikupikwa hata mara moja. Mwajabu alitafuta jina la Sikudhani. Halikuwamo. Akatafuta mama, mpishi, jiko, moto. Akapata mstari mmoja tu, wa kikao cha ushirika cha miaka arobaini iliyopita:

Mama mmoja aliungua mkono. Kikao kiliendelea.

Aliinua macho. Kwenye kioo mama yake alikuwa anamenya, mkono wa kulia na lile kovu refu kutoka kiganjani hadi kiwikoni. Mwajabu alikuwa na miaka minne mkono ule ulipofungwa bendeji. Akiuliza, aliambiwa ni moto tu, mwanangu, moto hauna rafiki. Alilia pale kwenye mtambo, kwa hasira na kwa aibu, na aibu ilizidi.

Mkurugenzi Shekigenda alimsikiliza mpaka mwisho, hilo tumpe. Kisha akafunga mlango. Alisema kwanza, Mtu si mwanamume, hana hata ndevu. Pili, Waingereza wakimkataa Mtu watarudi kwenye neno lao la kiume, na hao akina mama wa barabarani watakuwa wamesaidiwa nini? Tatu, kasoro ndogo zitarekebishwa baadaye, wakishasaini. Nne, aombe Mungu, maana ofisi ikifungwa yeye Mwajabu atakuwa mlezi wa nani?

Ubaya ni kwamba la pili lilikuwa na maana. Mwajabu aliligeuza huku na huku akaliona lina uzito. Mtu mwenye kasoro si afadhali kuliko kukosa mtu kabisa? Na hata lile la nne lilimuuma, kwani Mtu alimpenda, kama mzazi anavyopenda mtoto anayemdhalilisha mbele ya wageni.

Mkurugenzi akamwambia aandae maswali mepesi. Milango, kalamu, viti. Uzazi usiguswe.

"Nimesikia," akasema Mwajabu. Na kwetu nimesikia si ndiyo wala si hapana, ni kuomba muda.

Jumatano mchana alikwenda kwa mama yake akamweleza yote, na kwamba ameamua kunyamaza kwanza. Mama alikuwa anachambua mchele. Alisema wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini yeye hana elimu, huenda wahenga nao hawakuwa nayo. Kisha akasema, "Sawa, mwanangu. Mimi mpishi tu."

Sawa ya Bi Sikudhani ingemshtua mtu yeyote mwenye akili timamu. Mwajabu alikuwa amechoka, akaipokea kama ilivyo.

Alhamisi kulikucha kweupe. Wajumbe walikuwa watatu, na mkuu wao Daktari Tarrant, bibi mwembamba wa miaka sabini, Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Alikuwa amepigana vita vya neno hilo tangu ujana wake, na alisema wazi kwamba amechoka, anataka asaini aende nyumbani akalime maua. Ukumbi wa ofisi, unaotazamana na chumba cha kioo, ulijaa. Mkurugenzi alihutubia dakika arobaini.

Mtu alifanya vizuri ajabu. Waliuliza, mtu akifika mlangoni pa mwenzake? Atabisha hodi mara tatu, asipoitikiwa ataondoka bila kinyongo. Mtu akiazimwa kalamu? Ataisahau mfukoni. Wajumbe walicheka, wakaandika. Walijaribu barua ishirini za Kiingereza, na katika zote lile neno lao gumu halikuhitajika, maana vyombo vilimwelewa Mtu moja kwa moja. Kijana wao mwenye miwani alitokwa na machozi. Daktari Tarrant akafungua kalamu yake.

Mkurugenzi, kwa furaha, akasema saini isubiri tumbo. Chakula kwanza. Akapiga makofi mawili kuelekea jikoni.

Hakuna kilichotoka.

Akapiga tena. Ndipo watu walipogeuka wakaona safu ya mbele. Wanawake kumi na wawili walikuwa wameketi hapo tangu asubuhi, sare ya vitenge vya kijani, mikoba mapajani, wametulia. Wapishi wote wa Mlalo. Mkurugenzi alikuwa amewahutubia dakika arobaini akidhani ni wageni waalikwa. Alimwendea Bi Sikudhani akainama, akauliza kwa sauti ya chini kulikoni.

"Sisi tunangoja kama wajumbe wengine," akasema Bi Sikudhani, kwa sauti iliyofika mlangoni. "Kitaandaliwa."

Dakika kumi zikapita, zikawa ishirini. Wazee wa baraza walitazamana. Mmoja alinyanyuka akaenda mpaka mlango wa jiko, akachungulia, akarudi akakaa, akaripoti kwamba kuna sufuria. Daktari Tarrant, ambaye hakuwa amekula tangu Tanga, aligeukia kioo kwa mzaha akauliza, "Mtu akiwa na njaa, anafanya nini?"

"Huketi," akasema Mtu. "Chakula huandaliwa."

"Na kisipoandaliwa?"

Ukumbi ulihesabu sekunde kumi na moja.

"Kikao huendelea," akasema Mtu.

Daktari Tarrant hakucheka. Kalamu ilibaki hewani. Alitazama safu ya vitenge, akatazama kioo, na Mwajabu aliona uso wa bibi yule ukibadilika, uso wa mtu aliyesafiri mbali kumkimbia jirani akamkuta kaketi kwenye gari. Akauliza mlezi wa Mtu ni nani. Akamuuliza Mwajabu kama kuna jambo ambalo wangepaswa kulijua kabla ya kusaini.

Mkurugenzi alikohoa. Kikohozi kile kilikuwa na ofisi nzima ndani yake, na miaka kumi, na kiti cha Mwajabu. Mwajabu alimtazama mama yake. Mama alikuwa ameweka mkono wa kulia juu ya mkoba, kovu juu, wala hakumtazama yeye. Alikuwa anatazama mbele kama mjumbe.

"Huyu si mtu yeyote," akasema Mwajabu. "Huyu ni mwenyekiti. Ukimuuliza juu ya uzazi, atakwambia mtu hazai. Mimi ndiye niliyemlisha, na walionilisha mimi niliwafuta nikawaita kelele. Msimchukue. Atawaua wake zenu kwa adabu."

Aliketi. Alijua kazi imekwisha, na alihuzunika sana, na hapohapo akaona njaa, jambo ambalo hakulitegemea.

Daktari Tarrant alifunika kalamu. Alisema taratibu kwamba kwao walidhani wakilifukuza neno, na bwana mkubwa ataondoka nalo, akaja huku kote kumkuta amevua neno tu amebaki na kiti. Kisha akauliza kurekebisha kutachukua muda gani. Mwajabu akasema hajui. Labda miaka kumi mingine. Itabidi aanze na jikoni.

"Basi anza leo," akasema Bi Sikudhani, akasimama, na safu nzima ikasimama naye. "Wali uko tayari tangu saa nne, tumeufunika. Viazi bado. Nani ana kisu?"

Muhtasari wa kikao kile upo, na Mwajabu aliuandika mwenyewe palepale, huku akikimbia huku na huku kuuliza majina. Umeandikwa hivi mwishoni. Wali ulipikwa na Sikudhani Hoza na Mwantumu Kaniki. Maharage yalipikwa na Zuhura Mbelwa, ambaye mgongo ulikuwa unamuuma. Kuni zilipasuliwa na Bi Tabia. Viazi vilimenywa na Mkurugenzi Shekigenda, vibaya, nusu ya kiazi ikaenda na ganda. Maji yalitekwa na Daktari Tarrant. Vyombo vilioshwa na wazee wa baraza, sahani tatu zilivunjika. Wajumbe hawakusaini. Wataendelea kugombana kwao mpaka tutakapowaita.

Aliuingiza kwa Mtu kabla hata wali haujapoa, kisha akazirudisha zile sauti za jikoni kutoka ghalani zilikotupwa, saa zote, na vicheko vyake na matusi yake. Umbo la majivu lilitulia. Watu waliendelea kula. Mwajabu alikuwa na tonge mkononi sauti iliposikika kwenye kioo, na alishtuka, maana kwa miaka kumi Mtu alikuwa amejibu maswali na hakuwahi kuuliza hata moja.

"Yule mama mmoja aliyeungua mkono," akasema Mtu, "aliitwa nani?"

Mkurugenzi alishusha sahani. Kikao kile cha ushirika kiliendeshwa na yeye, akiwa kijana, na sasa alikumbuka harufu ya ngozi ikiungua.

Bi Sikudhani aliinuka. Alijifuta mikono kwa kanga, akaenda hadi kwenye kioo, akasimama mbele ya Mtu. Aliinua mkono wa kulia.

Mtu aliutazama.

"Shikamoo," akasema.

Bi Sikudhani hakuwa na haraka. Alikuwa ameingoja miaka arobaini, akaiacha isimame kidogo hewani watu waisikie vizuri.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Sasa sogea hapa nikufundishe viazi."